Mcheza kwao hutunzwa: mwongozo kamili wa kumtambua mwalimu bora wa Historia, Jiografia na Uraia

Nilikuwa mjumbe wa bodi ya shule moja ya sekondari ya kata hapa Tabora mwaka tulioamua, kwa mara ya kwanza, kumtunza mwalimu wa masomo ya jamii. Tulifanya kwa njia tuliyoizoea. Tulifungua matokeo ya kidato cha nne, tukahesabu A za Historia, Jiografia na Uraia, na aliyekuwa nazo nyingi akapewa cheti, godoro na makofi. Wiki iliyofuata binti mmoja wa mkondo D alinikuta njiani. "Shikamoo baba," alisema, na nilipoitikia akaniuliza kwa adabu kabisa: "Mbona madam wetu hamkumwita?"

Sikuwa na jibu. Mshindi wetu alikuwa na mkondo A, wanafunzi wachache waliochujwa tangu kidato cha pili. Madam wa mkondo D alikuwa na darasa lililojaa hadi mlangoni, wengi wao wameingia sekondari hawawezi kuunga sentensi moja ya Kiingereza, na kundi kubwa kati yao walipata C na D pale ambapo sisi sote tulikuwa tumeshakubali watapata F. Siku ya sherehe alikuwa kwenye kamati ya chakula, akigawa soda. Mwaka uliofuata aliomba uhamisho, akaondoka.

Tangu hapo nimekaa kwenye kamati za namna hii mara kadhaa, na haya ninayoyaandika ndiyo tuliyojifunza. Nimewaandikia wajumbe wa bodi, wakuu wa shule, wazazi na wahitimu wanaotaka kumshukuru mwalimu kwa haki.

Kwa nini masomo haya yatengewe tuzo yake

Mwalimu wa Fizikia au Hisabati ni adimu. Akiripoti shuleni anapokelewa kwa furaha, anatafutiwa nyumba, wazazi wanamjua kwa jina. Mwalimu wa arts, yaani wa masomo haya yetu, husikia habari nyingine. Miaka michache iliyopita walimu wa arts waliohesabiwa kuwa ziada kwenye sekondari walihamishiwa shule za msingi, na neno hilo, "ziada", halijawatoka masikioni. Ukiweka tuzo moja tu ya mwalimu bora wa shule, mara nyingi itakwenda kwenye sayansi, kwa sababu huko ndiko macho yalikoelekezwa.

Wengine wameliona hilo zamani. Marekani wana baraza la kitaifa la walimu wa masomo ya jamii lililoanzishwa mwaka 1921, na baraza hilo hutoa tuzo za walimu wa masomo hayo peke yao, tena kwa ngazi mbalimbali: wa msingi hashindanishwi na wa sekondari. Sisi hatuhitaji baraza ili kuanza. Shule moja yenye walimu wanne wa arts inatosha, na mkiungana shule tatu za kata jirani itakuwa bora zaidi.

Tena huu ni mji wa walimu. Julius Nyerere alisoma Tabora kuanzia 1937 hadi 1942, akarudi kufundisha St. Mary's kati ya 1946 na 1949, na jina la Mwalimu lilimkaa hadi kaburini. Mji wenye historia hiyo unapaswa kujua kumpima mwalimu.

Hatua ya 1: Undeni kamati, na ianze Februari

Watu watano wanatosha. Wawe mjumbe mmoja wa bodi, mzazi mmoja, mhitimu wa shule aliyemaliza si zamani sana, mwalimu mstaafu aliyefundisha masomo haya, na mwalimu wa taaluma. Mwalimu wa taaluma akiwa naye anafundisha Historia au Jiografia, atoe takwimu tu na asipige kura. Mstaafu ndiye nguzo ya kamati, na Tabora haikosi wastaafu. Mtafuteni hata kama anatembea kwa mkongojo, maana ataona darasani vitu ambavyo nyinyi wanne mtavipita.

Mwenye ndugu kati ya walimu wanaopimwa akae pembeni, aseme hivyo wazi, na iandikwe kwenye muhtasari.

Februari ni mwezi mzuri kwa sababu matokeo ya kidato cha pili na cha nne yameshatoka na mihula haijachangamka. Mkianza Septemba, wiki mbili kabla ya mahafali, mtajikuta mnahesabu A kama tulivyofanya sisi.

Hatua ya 2: Kubalianeni mnatafuta nini kabla hamjamtaja mtu

Andikeni kwenye karatasi moja. Kamati ikianza na majina, kila mtu atatunga vigezo vya kumfaa wake. Haya ndiyo mambo ambayo mimi nayatafuta.

La kwanza ni ushahidi. Mwalimu wa kawaida wa Historia hutoa noti: sababu tano, athari sita, kariri. Mwalimu bora humfanya mtoto aulize, "Tumejuaje?" Chukua mfano wa hapahapa. Mwaka 1871 Mirambo aliifunga njia ya misafara kati ya Tabora na Ujiji. Mwalimu wa noti ataandika ubaoni kwamba Mirambo alikuwa mtawala hodari wa Wanyamwezi, basi. Mwalimu ninayemtafuta ataligawa darasa makundi matatu na kuuliza: mfanyabiashara Mwarabu wa Tabora angelielezaje jambo hili? Mtu wa Urambo, makao ya Mirambo, je? Na pagazi aliyekwama na mzigo wake katikati, asiyeweza kurudi wala kuendelea? Kisha atauliza ni nani kati ya hao watatu aliyeacha maandishi, na hilo limeathiri vipi kitabu tunachokisoma leo. Mtoto aliyepita kwenye swali hilo hataamini kila anachotumiwa kwenye simu.

La pili, mwalimu anaisoma Tabora kama kitabu. Kwihara lipo tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872. Boma la Mjerumani lipo mjini. Reli ya kati ilifika hapa mwaka 1912, na Septemba 1916 Wabelgiji wakautwaa mji kutoka kwa Wajerumani. Habari za mtemi Isike, aliyejilipua ndani ya boma lake Januari 1893 kuliko kuangukia mikononi mwa Wajerumani, bado zinasimuliwa na wazee. Urambo palilimwa karanga za mradi wa Waingereza baada ya Vita Kuu ya Pili, mradi ulioanguka vibaya, na swali la kwa nini ulianguka ni Jiografia, Historia na Uraia kwa pamoja. Tumbaku inakaushwa kwa kuni za miombo. Maji ya Ziwa Victoria yameletwa hadi Tabora, na yapo maswali mengi ya kuuliza kuhusu safari ya maji hayo. Mwalimu mwenye hayo yote mlangoni, akafundisha miaka kumi bila kuyagusa, hata A zikijaa mimi simpi tuzo.

Msidhani hapa nadai safari za basi. Nimemwona mwalimu aliyewafundisha watoto kuchora ramani ya kiwanja cha shule kwa kuhesabu hatua, kwa dira moja iliyopasuka kioo na kamba ya katani. Alitumia vipindi viwili. Watoto walioelewa skeli siku ile walielewa moja kwa moja.

La tatu ni uraia unaotendwa. Januari 1958 TANU ilikutana hapahapa Tabora kuamua kama ishiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Nyerere alishawishi wajumbe wakubali, na uamuzi ule ukaja kuitwa uamuzi wa busara. Zuberi Mtemvu, mwanachama mwenzao, hakukubaliana nao, akatoka na kuanzisha chama chake. Sasa fikiria darasa la kidato cha tatu linalopewa hoja za pande zote mbili bila kuambiwa nani alishinda, likajadiliana, likapiga kura ya siri kwenye boksi la chaki, na baada ya hapo ndipo likaambiwa yaliyotokea. Ukimpata mwalimu anayefanya hivyo, halafu akasimamia uchaguzi wa serikali ya wanafunzi kwa haki ileile, hata kaka mkuu anayependwa na ofisi akianguka, umempata mtu.

La nne ni zito, na kwa Tabora haliepukiki. Mji huu ulikuwa kituo kikubwa cha misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa. Kwenye dawati moja leo wanaweza kukaa watoto ambao wazee wao walikuwa wapagazi, wafanyabiashara, mabwana na watumwa. Majumbani habari hizo husemwa kwa sauti ya chini au hazisemwi kabisa. Siku ya mada hiyo, mtazameni mwalimu kwa makini. Je, anamsimamisha mtoto aeleze asili ya ukoo wake mbele ya wenzake? Huyo hajajua anachokishika. Je, anaruka mada kwa noti tatu za haraka? Huyo anaogopa. Aliye bora huanza na njia, bidhaa na bei, anaonyesha nani alinufaika na nani aliumia, anazima kicheko cha kwanza kabla hakijawa cha pili, na kila mtoto anatoka darasani na heshima yake kamili. Nimeona somo hilo likifundishwa hivyo mara moja tu maishani mwangu, na nililia nikiwa kwenye dawati la nyuma.

Mengine, kama kuwahi kazini, andalio la somo na azimio la kazi, ni wajibu wa kila mwalimu. Asiyekuwa nayo asifikiriwe. Aliyekuwa nayo hajapata tuzo kwa ajili hiyo.

Hatua ya 3: Someni matokeo kwa hesabu ya haki

Sijasema matokeo yatupwe. Mzazi anayejinyima ili mtoto asome ana haki ya kuuliza mtoto amepata nini. Ila yasomwe sawasawa.

Baraza la Mitihani, NECTA, huchapisha matokeo ya kila shule, na chini ya orodha ya watahiniwa kuna jedwali la masomo lenye idadi ya waliofanya, waliofaulu na wastani. Kwenye wastani huo namba ndogo ndiyo nzuri: 1 ni sawa na A, 5 ni sawa na F. Jedwali hilo linakwambia shule imefika wapi. Halikwambii mwalimu amewatoa wapi wanafunzi wake.

Fanyeni hivi. Mwombeni mwalimu wa taaluma orodha ya wanafunzi waliofanya somo hilo kidato cha pili na wakalifanya tena kidato cha nne shuleni hapohapo. Waliohamia katikati waacheni. A ihesabuni 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Tafuteni wastani wa kidato cha pili, kisha wa kidato cha nne, kwa wanafunzi walewale na kwa kila mkondo peke yake. Tuseme mkondo A umetoka 2.4 ukafika 2.3, na mkondo D umetoka 4.6 ukafika 3.7. Wa kwanza umesogea hatua 0.1, wa pili 0.9. Kwenye orodha ya A, mkondo D hauonekani kabisa, na hapo ndipo tulipomkosea yule madam.

Hesabu hii ina mitego yake. Hakikisheni ni mwalimu huyohuyo aliyewachukua tangu kidato cha tatu, kwa sababu uhamisho wa katikati ya mwaka ni wa kawaida. Angalieni wahitimu wa miaka miwili mfululizo ikiwezekana, maana mwaka mmoja unaweza kuwa wa bahati. Pia kumbukeni kwamba aliyeko chini ana nafasi kubwa ya kupanda kuliko aliyeko juu, kwa hiyo msimwadhibu wa mkondo A kwa kuwa watoto wake walikuwa tayari juu. Matokeo yawe sehemu moja ya ushahidi, yasizidi robo ya uzito wote.

Mtaala mpya nao unaingia darasa kwa darasa, na somo la Historia ya Tanzania na Maadili limeshakuja. Msifananishe alama za somo jipya na za somo la zamani kana kwamba ni kitu kimoja.

Hatua ya 4: Ingieni darasani

Ombeni ruhusa ya mkuu wa shule kwa maandishi, na mwalimu mwenyewe aelezwe. Nyinyi si wadhibiti ubora wa shule, na msijifanye hivyo. Nendeni wawili, si watano. Kaeni nyuma, simu zizimwe, wala msimkatize mwalimu kwa neno lolote.

Nendeni mara mbili. Mara ya kwanza siku mliyokubaliana naye. Mara ya pili iwe ndani ya wiki anayoijua, siku asiyoijua. Kipindi kimoja ni dakika 40. Kaeni hadi kengele.

Kila mmoja awe na karatasi yenye mistari miwili chini katikati. Upande wa kushoto andikeni maswali aliyouliza mwalimu, neno kwa neno. Katikati, maswali waliyouliza wanafunzi. Kulia, kilichotokea mwanafunzi alipokosea. Hiyo safu ya kulia ndiyo itakayowaambia zaidi. Kuna mwalimu ambaye mtoto akikosea humwambia "kaa chini" na kuhamia kwa mwingine. Kuna ambaye humuuliza, "Umefikaje hapo?" na kosa lile likawa somo la darasa zima.

Sikilizeni lugha pia. Masomo mengi ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, na watoto wetu wengi wanakutana na lugha hiyo kwa uzito kidato cha kwanza. Mwalimu anayeongea Kiingereza kizuri kwa darasa lisiloelewa hajafundisha. Anayefundisha kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho anawaacha watoto mikono mitupu mbele ya mtihani. Aliye bora hueleza kwa Kiswahili palipo pagumu, huandika istilahi za Kiingereza pembeni mwa ubao, na huwarudisha watoto kwenye Kiingereza kwa sentensi fupi wanazozitunga wenyewe.

Hesabuni waliosema. Watoto 70 darasani, na waliofungua mdomo ni walewale sita wa mbele? Andikeni. Wasichana wangapi? Andikeni.

Hatua ya 5: Fungueni madaftari

Kama mna muda wa jambo moja tu katika haya yote, fanyeni hili. Darasa linaweza kupambwa kwa siku moja, lakini daftari la miezi mitano haliwezi.

Ombeni madaftari kumi: matatu ya wanaofanya vizuri, manne ya kati, matatu ya walio nyuma. Chagueni wenyewe kwenye daftari la mahudhurio, msiletewe. Kisha tazameni. Je, madaftari yote kumi yana noti zilezile hadi nukta, au kuna mahali mtoto ameandika kwa maneno yake? Kuna ramani zilizochorwa na mtoto, zenye makosa na masahihisho? Kalamu nyekundu imesema nini: imetia vema tu na saini, au kuna sentensi? Nimewahi kuona kwenye daftari la Uraia la mtoto wa nyuma kabisa mwalimu ameandika, "Hoja yako ya pili ni nzuri kuliko ya kwanza. Ianze hiyo." Ukurasa uliofuata mtoto ameiandika insha upya, hoja ya pili imeanza. Sikuhitaji ushahidi mwingine.

Mwalimu mwenye madarasa manne ya watoto 80 hawezi kuandika sentensi kwenye kila zoezi, na kumdai hivyo ni kumwonea. Mnachotafuta ni dalili kwamba hata walio nyuma wamefikiwa japo mara chache, kwa zamu.

Hatua ya 6: Wasikilizeni wanafunzi, kwa siri

Karatasi ndogo, bila jina, kwa Kiswahili. Asiisimamie mwalimu anayepimwa, wala mwalimu wa zamu. Aisimamie mjumbe wa kamati, na aondoke nazo siku hiyohiyo. Maswali matatu yanatosha:

Ni jambo gani ulilojifunza kwa mwalimu huyu ukaenda kumweleza mtu nyumbani?

Usipoelewa, mwalimu hufanya nini?

Ni siku gani ya somo lake huwezi kuisahau, na kwa nini?

Msiulize "unampenda mwalimu huyu?" Watoto humpenda mcheshi, humpenda asiyetoa kazi, na wakati mwingine humpenda anayewapa majibu. Swali la kwanza kati ya yale matatu lina nguvu ya ajabu. Mtoto wa kutwa anayekwenda kumweleza bibi yake habari za kura tatu za 1958, bibi naye akamrudishia aliyoyasikia kwa wazazi wake, ameshakuwa mwanahistoria.

Kisha watafuteni wahitimu: walio kidato cha tano na sita kwenye tahasusi za HGK, HGL na HKL (michanganyo ya Historia, Jiografia, Kiswahili na Kiingereza), walio vyuoni, na wale ambao hawakuendelea, wenye bodaboda na vibanda sokoni. Hao wa mwisho kamati nyingi huwasahau, nao ndio watakaowaambia kama somo la Uraia liliwasaidia walipokwenda ofisi ya kata kudai haki yao.

Hatua ya 7: Hakikini mwenendo

Hapa ni pafupi na hapana majadiliano. Muulizeni mkuu wa shule, mwalimu wa malezi na matroni kama kuna malalamiko yoyote dhidi ya mwalimu: kumpiga mtoto kinyume cha taratibu, lugha ya kudhalilisha, mazoea yasiyofaa na wanafunzi, kuuza mitihani au kulazimisha tuisheni ya kulipia. Penye tuhuma inayochunguzwa, jina lisimame hadi uchunguzi uishe. Cheti mlichompa mtu wa namna hiyo kitamnyamazisha mtoto aliyetaka kusema.

Hatua ya 8: Amueni

Wekeni ushahidi wote mezani, jina moja baada ya jingine. Kila mjumbe aandike chaguo lake na sentensi tatu za sababu kabla mtu yeyote hajazungumza, la sivyo mwenye sauti kubwa au cheo ataamua kwa niaba ya wote. Mkifungana, someni tena karatasi za wanafunzi kwa sauti. Kama hakuna anayestahili mwaka huo, msitoe tuzo.

Hatua ya 9: Andikeni barua inayosema alichofanya

Kwa mtumishi wa umma barua ndiyo zawadi inayodumu. Godoro litachakaa, lakini barua itakaa kwenye jalada, itasomwa siku ya kupandishwa cheo, siku ya kuomba masomo, siku ya kuomba ukuu wa shule. Kwa sababu hiyo inauma kuona barua nyingi za pongezi zinavyoandikwa: "Mwalimu huyu ni mchapakazi, mwenye nidhamu na anayejituma." Ukimtoa mwalimu ukamweka mlinzi wa geti, barua bado inafaa.

Andikeni tendo, mahali, na matokeo yaliyoonekana. Mfano:

"Mwezi Machi aliwafundisha wanafunzi wa kidato cha tatu vita vya Mirambo kwa kuwapa masimulizi matatu yanayopingana na kuwataka waamue lipi lina ushahidi zaidi. Tulikuwepo darasani. Wanafunzi 19 walizungumza katika dakika 40, na 11 kati yao walikuwa wasichana. Katika madaftari kumi tuliyoyachagua wenyewe, saba yalikuwa na insha zilizoandikwa upya baada ya maelekezo yake. Wanafunzi wa mkondo wake waliofanya Historia kidato cha pili walipanda kwa wastani wa hatua 0.9 walipofika kidato cha nne."

Ukurasa mmoja unatosha. Iwe na jina kamili la mwalimu na cheki namba yake (namba ya utumishi), saini ya mwenyekiti wa bodi na ya mkuu wa shule, na mhuri. Nakala moja iende kwenye jalada lake shuleni, moja kwa Afisa Elimu Sekondari wa halmashauri, moja ofisi ya wilaya ya Tume ya Utumishi wa Walimu, moja kwa tawi la Chama cha Walimu Tanzania (CWT), na ya mwisho abaki nayo mwenyewe.

Barua hiyohiyo itamsaidia nje ya shule. Kila Mei Mosi hutafutwa wafanyakazi bora, na mara nyingi anayechaguliwa ni yule ambaye habari zake zilikuwa tayari zimeandikwa. Hata tuzo kubwa za dunia hudai ushahidi wa namna hii. Peter Tabichi, mwalimu wa kijijini nchini Kenya, alishinda Global Teacher Prize ya dola milioni 1 mwaka 2019. Yeye ni wa sayansi, lakini kilichosimuliwa kumhusu kilikuwa matendo yake kwa wanafunzi wake.

Hatua ya 10: Zawadi na siku yenyewe

Muulizeni mwalimu anahitaji nini, kupitia rafiki yake wa karibu. Mmoja tuliyedhani atafurahia simu mpya alikuwa anatamani atlasi kubwa na ramani za ukutani za Afrika, kwa sababu za shule zilikuwa zimechakaa hadi mipaka haisomeki. Mwingine alikuwa anamalizia nyumba, akahitaji mabati. Safari nayo ni zawadi nzuri: nauli ya treni hadi Kigoma na malazi ya siku mbili ili akaione Ujiji, mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Mwalimu wa Historia atairudisha safari hiyo darasani kwa miaka.

Fedha za zawadi zitoke kwa hiari, zipokewe kwa stakabadhi, na zisipitie mikononi mwa wanafunzi. Mtoto asitumwe nyumbani kudai mchango wa zawadi ya mwalimu, kamwe. Zawadi itolewe hadharani kupitia bodi na iandikwe kwenye kumbukumbu za shule. Bahasha ya pembeni humweka mwalimu pabaya mbele ya sheria ya rushwa, hata ikiwa imetolewa kwa moyo safi.

Siku ninayoipendekeza ni Siku ya Walimu Duniani, 5 Oktoba, au mahafali ya kidato cha nne yanayokaribiana nayo. Someni ile barua kwa sauti, yote, mbele ya wazazi. Asomaye awe mwanafunzi wake. Mgeni rasmi akabidhi, apige picha, akae. Mwalimu apewe dakika tano za kusema, na mama yake au mwenza wake aalikwe na akalishwe mbele.

Hatua ya 11: Jumatatu inayofuata

Hakikisheni nakala zimefika zilikotumwa. Mjumbe mmoja azifuatilie kwa miguu hadi zipigwe mhuri wa kupokelewa. Mshindi msimwongezee kamati tatu kwa kuwa sasa anajulikana. Kama anakubali, afungue darasa lake kwa walimu wenzake mara moja kwa muhula, na mkuu wa shule ampangie ratiba inayomruhusu.

Halafu warudieni wale ambao hawakushinda. Kila mwalimu mliyempitia ana karatasi ambazo wanafunzi wake waliandika. Ondoeni zile zinazoweza kumtambulisha mtoto, chapeni upya maneno mazuri waliyoyasema, tieni kwenye bahasha na mmkabidhi mkononi. Tulifanya hivyo mwaka wetu wa pili. Mwalimu mmoja wa Jiografia, miaka 22 kazini, aliisoma yake akiwa amesimama mlangoni mwa ofisi ya walimu, akaikunja, akaitia mfuko wa shati na kwenda darasani, kengele ilikuwa imeshalia.